Zahanati haichangishwi kama harusi

Jumamosi moja ya Novemba, saa nne usiku kwa saa za London, orodha ya ahadi za kujenga zahanati kijijini kwetu ilikuwa imefika namba 47. Kila aliyelipa aliwekewa tiki ya kijani mbele ya jina lake, na kila baada ya dakika chache orodha ilirudi tena kwenye grupu letu la WhatsApp ikiwa na jina jipya chini kabisa. Binti wa miaka 26, mhasibu, mzaliwa wa Reading, Uingereza, ambaye Rombo, kwetu Kilimanjaro, ameiona mara mbili tu maishani, aliandika pauni 300. Kaka mmoja anayetengeneza programu za kompyuta huko Minneapolis akamjibu kwa dola 500. Kufika saa sita tulikuwa tumevuka lengo. Watu walirekodi vigelegele na kuvituma kwenye grupu, mama zetu wakaombwa waingie kwenye simu watubariki, na mimi mweka hazina nikalala na furaha ambayo hadi leo naikumbuka.

Miaka miwili na nusu baadaye nilisimama mbele ya jengo lenyewe. Paa la bati la bluu, kuta zimepakwa rangi vizuri, kibao chenye majina ya wachangiaji kimepigiliwa pembeni mwa mlango. Mlango ulikuwa na kufuli. Kupitia dirishani nilikiona kitanda cha kujifungulia, bado kimefungwa kwenye nailoni yake. Mzee aliyekabidhiwa funguo alinisubiri nimalize kuangalia, kisha akasema kwa upole, "Mwanangu, nyumba mmetujengea nzuri. Sasa tunasubiri mganga."

Hakuna aliyeiba. Hilo nalitaja mapema kwa sababu kila ninaposimulia habari hii, swali la kwanza ni nani alikula. Risiti zote zipo, mafundi walilipwa, saruji iliyonunuliwa ndiyo iliyotumika. Kosa lilikuwa letu sisi wachangishaji, na nimekuja kuliona katika vikundi vingi vya vijana wa ughaibuni wenye asili ya Tanzania, wawe Uingereza, Marekani au Oman: tulichangisha zahanati kwa namna ileile tunayochangisha harusi.

Mtu aliyekulia katika nyumba ya Kitanzania, hata kama nyumba hiyo ilikuwa Reading, anaijua kamati ya harusi. Ina mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Kuna ahadi, kuna tarehe ya mwisho, kuna kukumbushana kwa adabu na baadaye bila adabu sana. Ni chombo kizuri ajabu. Sijaona watu wengine wanaoweza kukusanya mamilioni ya shilingi kwa wiki sita kutoka mifuko ya watu wa kawaida bila benki wala mkopo. Ila chombo hiki kimetengenezwa kwa ajili ya shughuli inayokwisha usiku uleule. Wageni wakishapanda magari, bajeti imefungwa. Zahanati siku ya kukata utepe ndiyo kwanza inaanza kula fedha, na haitaacha maisha yake yote. Karibu kila fundo nitakalolieleza hapa linatokana na tofauti hiyo.

Fedha ikiwa bado ugenini

Kwanza tutenganishe vitu viwili vinavyosemwa kwa pamoja. Fedha unayomtumia mama kwa ajili ya ada ya mdogo wako ni ya familia, na serikali ya nchi unayoishi haina habari nayo. Fedha mnayochanga watu 47 kwa ajili ya huduma ya umma ni sadaka mbele ya sheria, na sadaka ina haki zake na masharti yake. Vikundi vingi hupitisha hiyo ya pili kwenye njia ya ile ya kwanza: akaunti binafsi ya mweka hazina. Mwanzoni nasi tulifanya hivyo, na gharama yake niliijua baadaye.

Uingereza kuna utaratibu uitwao Gift Aid. Mlipa kodi akitoa pauni 100 kwa shirika la hisani linalotambuliwa na mamlaka ya kodi, shirika hilo linaidai serikali pauni 25 zaidi. Mtoaji halipi chochote cha ziada, anajaza tamko tu. Kwa hiyo kikundi kinachochangisha pauni 20,000 kupitia akaunti ya mtu binafsi kimeacha mezani pauni 5,000, zaidi ya shilingi milioni 15. Katika kijiji chetu, hiyo ni sehemu kubwa ya nyumba ya muuguzi. Sharti ni kwamba fedha isiwanufaishe watoaji wenyewe au jamaa zao, na kwamba mtoaji awe amelipa kodi ya kutosha. Shirika la hisani England na Wales, likishazidi mapato ya pauni 5,000 kwa mwaka, kwa kawaida linatakiwa kujisajili kwa Charity Commission. Fomu zake zinachosha, sikatai. Lakini katika kikundi cha vijana wenye taaluma hamkosi mwanasheria mmoja na wahasibu watatu, na hii ndiyo kazi ya kuwapa badala ya kuwapa zamu ya kupika pilau siku ya changizo.

Marekani mlango unaitwa 501(c)(3), kifungu cha sheria ya kodi kinacholipatia shirika hadhi ya hisani. Mtu akilichangia shirika lenye hadhi hiyo anaweza kupata nafuu ya kodi; akilichangia moja kwa moja shirika lililosajiliwa Tanzania, kwa kawaida hapati. Hapo wengi huona njia ya mkato: tuanzishe shirika Marekani liwe bomba tu la kupitishia fedha kwenda kijijini. Sheria hailitaki bomba. Inataka shirika la Marekani liwe na kauli ya kweli juu ya fedha, liamue lenyewe mradi upi unastahili, na liweze kuonyesha zilitumikaje. Kikundi kisichotaka mzigo huo kinaweza kuingia chini ya shirika mama ambalo tayari lina hadhi hiyo, likakubali kukihifadhi kwa kukata asilimia fulani. Mimi ningemshauri hivyo mtu yeyote anayeanza.

Na kuna fedha nyingine inayolala bila mwenyewe. Waajiri wengi wakubwa Marekani huongeza mchango wa mfanyakazi wao, mara nyingi dola kwa dola. Yule kaka wa Minneapolis angeweza kuzigeuza dola 500 kuwa 1,000 kwa kujaza fomu moja kazini kwake, kama sisi tungekuwa na usajili. Hatukuwa nao.

Njia ya fedha yenyewe nitaipita haraka, kwa sababu watu huibishania usiku kucha wakati fundo gumu liko mbele. Malipo ya kadi kwenye majukwaa ya kuchangisha mara nyingi hukatwa takriban asilimia 2.9 pamoja na senti 30. Ukitoa dola 500 huoni tofauti kubwa. Mwanafunzi akitoa dola 20, senti 88 zimekwenda. Takwimu za Benki ya Dunia zimekuwa zikionyesha kwamba kutuma dola 200 kwenda nchi za Afrika kusini mwa Sahara kunagharimu wastani wa karibu asilimia 8, huku lengo la Umoja wa Mataifa likiwa kushusha gharama hiyo chini ya asilimia 3 ifikapo 2030. Kuanzia Januari 1, 2026, Marekani inatoza pia kodi ya asilimia 1 kwa fedha zinazotumwa nje zikilipiwa kwa noti taslimu. Zikitoka kwenye akaunti ya benki au kadi iliyotolewa Marekani hazitozwi. Ushauri wangu ni mfupi: kusanyeni kwanza, tumeni mara chache kwa mafungu makubwa kutoka benki hadi benki, na angalieni kiwango cha kubadilisha fedha kuliko mnavyoangalia ada iliyoandikwa kwa herufi kubwa, kwani makato yaliyojificha huwa pale.

Fedha ikifika nyumbani

Hapa ndipo tulipoangukia.

Tanzania ina zaidi ya vijiji 12,000. Mwaka 2007 Serikali ilianza Mpango wa Maendeleo wa Afya ya Msingi, maarufu kama MMAM, uliolenga kila kijiji kipate zahanati na kila kata kituo cha afya. Mpango ulitegemea nguvu za wananchi: wanakijiji wasombe mawe na mchanga, wachange, wanyanyue kuta hadi usawa wa lenta au zaidi, kisha Serikali imalizie. Kutokana na mpango huo na mingine ya aina yake, neno "maboma" limepata maana ya pekee katika Kiswahili cha bungeni. Mbunge akisimama kuuliza maboma ya zahanati katika jimbo lake yatakamilishwa lini, anazungumzia kuta zisizo na paa zinazosubiri fedha ya Serikali. Kiasi kilichosikika mara nyingi katika majibu ya mawaziri ni shilingi milioni 50 kwa boma moja.

Kijana wa ughaibuni akiambiwa habari hiyo, moyo wake unamwambia: basi sisi tumalize boma la kwetu, tusisubiri. Ni moyo mwema. Lakini jengo lililokamilika na zahanati ni vitu viwili tofauti, na kinachovitenganisha ni karatasi na watu.

Tuanze na ardhi. Ardhi ya kijiji iko chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Halmashauri ya kijiji ndiyo inayoisimamia, na uamuzi wa kutenga eneo kwa huduma ya umma unapaswa kupita kwenye mkutano mkuu wa kijiji, uandikwe kwenye muhtasari, watu wasaini mahudhurio. Mara nyingi familia ya mmoja wetu hujitolea kipande cha shamba, watu wakashukuru, ujenzi ukaanza. Miaka kumi baadaye babu amefariki na wajukuu wanataka shamba lao. Na msidhani mnaweza kuliandikisha eneo kwa jina la kijana wa kikundi. Tanzania hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima, na kwa kawaida asiye raia hawezi kumiliki ardhi isipokuwa katika mazingira maalumu kama uwekezaji. Binti yule wa Reading, mwenye pasi ya Uingereza, hakuwa na nafasi ya kuwa mmiliki wa ardhi ya kijiji cha bibi yake. Nilipomweleza alinyamaza muda mrefu kwenye simu. Ni jambo linalouma, na nadhani wazazi wetu wangepaswa kutuambia mapema zaidi. Lakini kwa zahanati, mmiliki sahihi ni kijiji chenyewe, na muhtasari wa mkutano mkuu una thamani kuliko kibao chenye majina yetu.

Kisha kuna ramani. Majengo ya zahanati za umma yana ramani za kawaida zinazotolewa kupitia TAMISEMI, ofisi inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa, na mhandisi wa halmashauri anatakiwa kukagua. Sisi tulikuwa na msanifu majengo kwenye kikundi, kijana hodari, akachora jengo zuri kuliko la Serikali: lenye baraza pana na dirisha kubwa la mapokezi. Kila mtu alilipenda. Lilipokuja kukaguliwa likakosa chumba cha kutakasia vifaa na shimo la kutupia kondo la nyuma. Tukabomoa ukuta, tukachimba shimo, tukachangisha tena.

Na sasa mganga. Mtumishi wa zahanati ya umma huajiriwa na kulipwa na Serikali. Ili apangwe kwenu, kituo kinatakiwa kiwe kimesajiliwa, kiwe kwenye ikama ya halmashauri, yaani orodha ya nafasi za watumishi, na halmashauri iwe imeomba na kupewa kibali cha ajira. Mwaka wa fedha wa Serikali unaanza Julai 1, na mahitaji yake huandaliwa miezi mingi kabla ya hapo, ndipo bajeti ijadiliwe bungeni kati ya Aprili na Juni. Mkimaliza jengo Agosti bila mtu wa wilayani kuwa na habari, mmelikosa gari la mwaka ule. Sisi tulimpigia mganga mkuu wa wilaya wakati mafundi wanapaka rangi. Alitusikiliza kwa heshima kubwa, kisha akauliza kama kuna barua yoyote tuliyowahi kuandika. Hatukuwa na hata moja. Tulikuwa na picha 300 kwenye grupu.

Dawa nazo zinafuata njia hiyohiyo. Zahanati ya umma huagiza Bohari ya Dawa, na tangu mwaka wa fedha wa 2017/18 fedha za uendeshaji zimekuwa zikipelekwa moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, badala ya kubaki zote halmashauri. Akaunti hiyo husimamiwa na mganga mfawidhi pamoja na kamati ya usimamizi wa kituo yenye wawakilishi wa wananchi. Huu ni utaratibu mzuri kwa mtu wa ughaibuni, maana unampa mahali pa kuleta mchango bila kuupitisha kwenye simu ya binamu. Ila kituo ambacho hakijasajiliwa hakina akaunti, hakina kamati, hakina dawa. Kina kufuli.

Yule mzee mwenye funguo alinipeleka nyumbani kwake tukala ndizi, na hapo ndipo mtendaji wa kijiji aliponisimulia jambo ambalo halikuwahi kufika kwenye grupu letu. Muuguzi alishawahi kuletwa, ingawa karatasi zilikuwa bado. Mtumishi mpya, binti mdogo kutoka mkoa wa mbali, alifika kwa bodaboda na begi moja na godoro. Akaonyeshwa jengo akafurahi. Akauliza atalala wapi. Chumba cha kupanga kilichokuwa karibu kilikuwa kilomita 6, kwenye njia ambayo wakati wa masika hata bodaboda haipiti. Alilala usiku mmoja kwa mama mmoja wa kanisani, akarudi wilayani kuomba apangiwe kwingine. "Hatukutaka kuwaambia," mtendaji alisema, "kwa sababu mlishatoa sana."

Nimelitafakari sana jibu hilo. Watu walituonea haya. Ukubwa wa mchango wetu, na jinsi tulivyoutangaza, uliwafanya waone kusema ukweli ni kukosa shukrani. Laiti tungeuliza swali moja tu kabla ya kuchora dirisha la mapokezi, yaani mtumishi atakaa wapi, tungeanza na nyumba ya vyumba viwili kwa ajili ya muuguzi, na jengo kubwa lingefuata kwa fedha ya Serikali kama maboma mengine. Leo kikundi chochote kikiniomba ushauri kuhusu zahanati, nakiambia, jengeni nyumba ya mtumishi. Haina mvuto kwenye picha. Hakuna waziri atakayekuja kuifungua. Lakini ndiyo inayomweka mtu pale saa nane ya usiku mama mjamzito anapofika.

Neno moja kuhusu kontena, maana vijana wetu wanaofanya kazi hospitalini Uingereza na Marekani huona vitanda na mashine zikiondolewa zikiwa nzima, na roho huwauma. Vifaa tiba na dawa kuingia Tanzania vinahitaji kibali cha TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, msamaha wa kodi huombwa kabla mzigo haujapanda meli, na bandarini kila siku ya kuchelewa ina tozo. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani kuhusu msaada wa dawa inataka ziwe na angalau mwaka mmoja kabla ya kuisha muda zinapofika nchini. Mashine isiyo na fundi wala vipuri nchini ni mzigo mnaomkabidhi mtu mwingine aje autupe. Mara nyingi gharama ya kontena moja ingenunua vifaa vipya Dar es Salaam, pamoja na fundi wa kuvifunga.

Nani anaamua

Wamexico walikutana na fundo hili kabla yetu. Wahamiaji kutoka jimbo la Zacatecas waliokuwa wakifanya kazi Marekani waliunda vyama vya watu wa mji mmoja, wakawa wanachangia barabara, maji na makanisa ya kwao. Serikali ya jimbo ilianza kuongeza fedha juu ya michango yao, na mwaka 2002 utaratibu huo ukawa mpango wa taifa uitwao Tatu kwa Moja: kila peso ya chama cha wahamiaji iliongezewa peso moja ya serikali kuu, moja ya jimbo na moja ya manispaa. Ulidumu karibu miongo miwili hadi ulipofutwa chini ya serikali ya Rais López Obrador.

Peso tatu za ziada huwavutia wengi, lakini mimi naona faida yake kubwa ilikuwa mpangilio. Kabla fedha ya wahamiaji haijatumika, pande zote zilikuwa zimekaa na kusaini mradi. Manispaa haikuweza baadaye kusema haina habari, kwa sababu peso yake ilikuwa ndani. Sisi Tanzania hatuna mpango wa namna hiyo kwa diaspora, lakini hakuna kinachokikataza kikundi kuuiga kwa karatasi: makubaliano kati yenu, serikali ya kijiji na halmashauri, yanayosema nani analeta nini na mwaka upi. Nguvu za wananchi ziandikwe humo kwa thamani yake, kila tripu ya mchanga na kila siku ya kibarua, ili mwanakijiji naye awe mwekezaji mwenye haki ya kugomba.

Tatu kwa Moja ulikuwa na kasoro ambayo inatuhusu pia. Fedha ilifuata mahali penye wahamiaji, na mahali penye wahamiaji wengi si lazima pawe penye shida kubwa zaidi. Tanzania tumeshaliona hilo. Miaka ya 1980, Serikali ilipolegeza masharti ya shule za sekondari, wenyeji wa Kilimanjaro na Njombe waliokuwa na kazi na biashara mijini walichangishana wakajenga shule kwa wingi kuliko mikoa mingi. Ni jambo la kujivunia, na hapohapo lilipanua pengo. Sina jibu lililokamilika. Kikundi chetu kimekubaliana kwamba fungu fulani la kila mwaka liende kwa kijiji cha jirani ambacho hakina mtoto hata mmoja Ulaya. Wazee wetu walihoji mwanzoni, kisha wakaridhia, maana wagonjwa wa kijiji kile hutembea hadi kwetu vilevile.

Kuhusu nani anaamua, pia kuna watoto wenyewe. Wengi wa wanaochangisha leo hawakuzaliwa nyumbani. Kichagga wanasikia maneno machache, Kiswahili chao kinayumba, na wakizungumza kwenye mkutano wa kijiji kuna mtu lazima acheke. Nimewaona wakirudi na machozi. Ningependa ndugu zetu wa nyumbani wajue kwamba kijana aliyekulia London, asiyedaiwa na kijiji hata shilingi, akiamua kuukata mshahara wake kwa ajili ya mahali alipozaliwa bibi yake, anastahili kusikilizwa mpaka mwisho wa sentensi yake. Na ningependa vijana nao wajue kwamba kupenda mahali hakukupi ujuzi wa mahali hapo. Mama wa kamati ya zahanati anayejua ni mwezi gani mto unajaa anajua jambo ambalo haliko kwenye jedwali lako la kompyuta.

Fedha isiyo na vigelegele

Julai 2018, Waziri Mkuu wa Ethiopia Abiy Ahmed aliwaomba Waethiopia wa ughaibuni watoe dola moja kwa siku kwa ajili ya maendeleo ya nchi. Hesabu ilipendeza: watu milioni moja wakiitikia, ni dola milioni 365 kwa mwaka. Mfuko uliundwa, ukasajiliwa Marekani kama shirika la hisani, ukakusanya mamilioni ya dola na kuyapeleka kwenye miradi ya kweli. Lakini ulibaki mbali sana na hesabu ile. Dola moja ni ndogo. Kuitoa kila siku kwa mtu usiyemwona ni jambo kubwa. Mchango wa kila siku au kila mwezi unaishi kwa imani tu, na nchi nzima ni kubwa mno kwa imani ya namna hiyo. Kijiji kimoja kinatosha.

Baada ya safari ile tulilivunja changizo la Novemba. Si wote waliofurahi, maana usiku ule ulikuwa sherehe yetu ya mwaka. Mahali pake tuliweka makato ya kila mwezi kutoka benki: pauni 10 kwa mtu. Watu 60 ni pauni 600, na kwa kuwa sasa tumesajiliwa, Gift Aid inazifanya kuwa 750, yaani 9,000 kwa mwaka. Nyumba ya muuguzi ilijengwa kwa fedha hiyo, taratibu, bila kibao. Barua kwa mganga mkuu wa wilaya ziliandikwa, muhtasari wa mkutano mkuu ukaambatanishwa, kituo kikaingia kwenye mpango wa mwaka uliofuata. Ilituchukua miezi 14 tangu siku niliyoona kufuli.

Mshahara wa mtumishi hatuulipi, ni wa Serikali na tunataka ubaki hivyo. Kuna mashirika yanayolipa wahudumu wa mkataba kwa makubaliano na halmashauri, na pengine pale penye uhaba mkubwa ndiyo njia pekee, lakini kikundi cha watu 60 kikiyumba, muuguzi naye anayumba. Sisi tunalipia vitu ambavyo bajeti huwa haivifikii kwa wakati: posho ya mlinzi, nauli ya kufuata chanjo gari la wilaya likikwama, ukarabati wa tangi la maji, na akiba ya betri za umeme jua, ambazo kwa aina tuliyofunga hazizidi miaka mitano hata zikitunzwa vizuri. Kila mwezi tunatenga sehemu ya betri ambazo hazijaharibika bado. Kulieleza hilo kwa wachangiaji wapya ndiyo kazi yangu ngumu kuliko zote, kwa sababu kamati ya harusi haijawahi kuweka akiba ya harusi ya miaka mitano ijayo.

Tarehe 3 ya kila mwezi muuguzi hututumia picha tatu. Ya kwanza ni daftari la kliniki ya watoto, akiwa ameyafunika majina kwa kiganja ili tuone idadi tu. Ya pili ni rafu ya dawa. Ya tatu ni kisanduku cha betri. Mwezi uliopita kiganja kilifunika majina 31, rafu ilikuwa imepungukiwa dawa mseto, na kwenye kisanduku taa ya betri ya pili ilikuwa nyekundu. Binti wa Reading ndiye aliyeiona kwanza. Ameshaomba bei kwa mafundi wawili wa Moshi.